Binadamu Ameumbiwa Nini?

Twataka kuzungumza na ndugu zetu wasomaji juu ya suali ambalo hatukulitafuta. Lilitujia lenyewe, likatukuta hatuna jawabu karibu.

Yuko mtu wetu mmoja hapa Mombasa, fundi mwashi, ambaye kwa miaka mingi mikono yake imesimamisha nyumba zetu. Ukuta wa kibla wa msikiti tuswaliao ni yeye aliyeukandika mara ya mwisho, na hakutaka ujira. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mkono na mguu. Mdomo ukaenda kando, na maneno yakawa yatoka kwa taabu. Tulikwenda kumtazama kama ilivyo ada. Tulimwambia asubiri, tukamwombea dua, tukanywa kahawa ya nyumbani kwake, tukaondoka. Baada yetu walikuja wengine na maneno mengine: kwamba ni husuda, kwamba amekanyaga pabaya, kwamba yuko bwana mmoja wa makombe ambaye hatoshi kusifiwa na fedha zake si nyingi. Haya tumekwisha kuyasema mara nyingi na leo hatutayarudia.

Muuguzi aendaye nyumbani kwake kila Jumatano kumnyoosha viungo ni mama wa Kikristo. Siku moja fundi alimwambia kwamba yeye sasa amekuwa gogo, na gogo halina la kungoja ila moto. Yule mama hakuacha kazi yake. Akamjibu, huku akimkunjua vidole, kwamba Mungu aliyempa uhai hakumpa kwa kukosea, na madhali uhai ungali ndani yake basi Mungu ana kusudi naye.

Fundi alitusimulia haya kwa muda mrefu, neno baada ya neno, na mwisho akasema: "Maalim, neno lile liliniingia. Je, na sisi tunalo?"

Tulimwambia tunalo. Lakini yeye hakuuliza kama limo vitabuni. Alitaka kulisikia, na siku ile ulimi wetu ulikuwa mzito kuliko wake. Tukatoka pale tumeinamisha vichwa. Maneno haya ndiyo tuliyoyatafuta baadaye.

Kwanza ilitupasa tujue alichosema yule mama, kwani hakukibuni palepale. Nyuma yake yako mafundisho ya karne nyingi. Wako katika ndugu zetu wasimamao viwanjani na Biblia mkononi wakishindana na Wakristo kwa aya, na watu wakishangilia kama walio mpirani. Hatusemi kwamba hawana nia njema. Lakini hatujamwona bado mgonjwa aliyefarijika kwa mashindano hayo. Na adabu ya elimu ni kulieleza neno la mwenzio hata mwenyewe akilisikia aseme, naam, ndivyo nisemavyo. Ukiisha kufanya hivyo ndipo uhitilafiane naye.

Kitabu cha kwanza cha Biblia, kiitwacho Mwanzo, chaeleza kuumbwa kwa mtu mara mbili. Mlango wa kwanza wasema mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, mume na mke, akapewa mamlaka juu ya samaki na ndege na wanyama. Mlango wa pili wasema alifinyangwa kwa mavumbi, akapuliziwa pumzi ya uhai puani, kisha akatiwa bustanini ailime na kuitunza. Msomaji aangalie mpango wa masimulizi hayo: uhai na kazi vilikuja pamoja, na kazi ilikuja kabla ya lile tunda kuliwa. Wako watu wengi, hata katika Wakristo, wadhanio kwamba kazi ni adhabu. Kitabu chao hakisemi hivyo. Miiba na jasho ndivyo vilivyokuja baada ya kosa. Kulima kulikuwako tangu hapo.

Juu ya msingi huo walijenga. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ambao leo ni katika nchi ya Algeria, na akafa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, aliandika kitabu cha kuungama mambo ya nafsi yake. Fikira yake kuu ni kwamba mtu ameumbwa akielekezwa kwa Mungu, kwa hivyo moyo hauwezi kupata kituo penginepo, ujapopewa mali na cheo na mapenzi. Naye alikuwa amevijaribu vyote. Fikira hiyo Mwislamu haimtishi. Lakini Agostino huyohuyo ndiye aliyetia nguvu mafundisho ya kwamba kosa la Adamu lilirithiwa na kizazi chake chote, hata mtoto mchanga akawa azaliwa nalo. Yuko Mkristo mwenzake, jina lake Pelagius, aliyepinga na kusema kila mtu huzaliwa kama alivyoumbwa Adamu. Wakakutana maaskofu wa Afrika mjini Karthago mwaka 418 wakamhukumu kuwa mpotevu. Makanisa ya mashariki, ya Wayunani na wengineo, hayakulipokea jambo hilo kama walivyolipokea wa magharibi. Twalitaja hili ili ndugu zetu wasidhani kwamba Wakristo wote ni kauli moja.

Basi kwa jumla imani yao ni hii: Mungu alimpa mtu uhai na lengo, mtu akaviharibu vyote viwili, na Yesu, ambaye wao wasema ni Mwana wa Mungu, alikuja akafa ili avirejeze, na watu wapate uhai ulio kamili. Amwambiaye mgonjwa kwamba Mungu ana kusudi naye, ikiwa ni Mkristo, hayo yote yamo katika neno lake. Yule mama hakumhubiria fundi wala hakumtaka abadili dini. Alisema neno moja akaendelea na mkono. Hata hivyo neno lina mizizi, na mwenye akili huitazama mizizi.

Liko jambo jingine ambalo kwa hakika lilituonea haya. Wale Waskoti waliohamisha misheni yao kutoka Kibwezi hadi Kikuyu mwaka 1898 walikuwa wamelelewa juu ya kitabu kidogo cha maswali na majibu, kilichotungwa Westminster huko London na kumalizika mwaka 1647. Kina maswali 107. Suali la kwanza kabisa halihusu namna ya kusali wala ya kufunga. Lauliza lengo kuu la mwanadamu ni lipi. Na jawabu lao, kwa ufupi wa maana yake, ni kwamba mtu yuko ili Mungu apate kutukuzwa, na mtu naye aone raha yake kwa Mungu pasi na mwisho. Watoto wao walilihifadhi jawabu hilo kwa moyo, kizazi baada ya kizazi.

Na mtoto wetu chuoni huanza na nini? Huanza na alifu na bee, kisha juzuu ya Amma, kisha hutiwa katika Safina. Kitabu hicho cha Sheikh Salim bin Sumeyr wa Hadhramaut tumekisoma sote. Chaanza na nguzo za Uislamu na nguzo za imani, chataja maana ya shahada kwa sentensi moja, na mara chaingia katika alama za kubaleghe na masharti ya kustanji. Hatukitii ila, ni kitabu cha fiqhi na kazi yake kimeifanya. Ila iko kwetu sisi tulioona kwamba kikiisha hicho yameisha. Mtoto wetu atakuhesabia mambo manne yanayotengua udhu bila ya kukosa hata moja. Mwulize kwa nini Mwenyezi Mungu amemleta duniani, atakutazama. Na si mtoto peke yake.

Maradhi haya ni ya kale. Mwaka 1542 jahazi la Wareno lililokuwa likenda Goa lilitia nanga Malindi, na ndani yake alikuwamo padri Francis Xavier. Aliandika barua baadaye akasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima wa Malindi alimwuliza iwapo Wakristo wa Ulaya wahudhuria makanisani mwao, kwani pale Malindi mlikuwa na misikiti kumi na saba, na iliyokuwa ikiswaliwa ni mitatu tu, nayo kwa watu wachache. Mzee yule aliona uchungu na alikuwa ataka kujua sababu. Jawabu la Xavier halikuwa la upole: alimwambia kwamba Mungu hazipendi sala za wasiokuwa Wakristo, ndiyo maana zimefifia. Sisi twasema jawabu hilo silo, maana leo makanisa mengi ya Ulaya yamebaki matupu na bila ya shaka Xavier asingependa hoja yake irejee kwao. Lakini suali la yule mzee wa Malindi lilikuwa la kweli. Watu waachao kujua wameumbiwa nini huacha kwanza kuja msikitini kwa moyo, kisha huacha kuja kwa miguu.

Sasa tuseme yetu. Katika asili ya jambo lenyewe hatuna ugomvi na mama yule. Qur'ani yatueleza, katika Sura za Hijr na Sajda na Swad, kwamba mtu ametokana na udongo na kwamba roho aliyopuliziwa yatoka kwa Mola wake. Sura ya Isra, aya ya 70, yaeleza kwamba wanadamu wametukuzwa. Na waliotajwa ni wanadamu, si Waislamu peke yao, wala si wazima wa viungo. Sura ya Muuminun, aya ya 115, yawauliza watu iwapo walidhani kwamba kuumbwa kwao ni mchezo. Na aya ya 56 ya Sura ya Dhariyat yatoa sababu ya kuumbwa majini na watu, nayo ni ibada.

Tunapohitilafiana ni katika habari ya kuharibika na kurejezwa. Sisi twaamini kwamba Adamu alikosa, akatubu, Mola wake akaipokea toba yake, na jambo likaisha hapo. Hakumwachia mtoto wake deni. Kila mtoto huzaliwa katika umbile la sawa, na hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Kwa hivyo uhai wetu haukuhitaji kununuliwa upya kwa damu ya mtu, wala ya Mtume mtukufu kama Isa, amani ya Mungu iwe juu yake. Ni amana tuliyotiwa mikononi, na mwenye amana husubiri siku ya kuulizwa. Hapa hatuna njia ya kukutana nao, na si vyema kujifanya kwamba tumekutana.

Hata hivyo tusijisifu upesi. Itikadi yetu yasema hakuna abebaye kosa la mwingine, lakini nendeni nyumbani kwa fundi mkasikilize. Huyu asema pengine alimdhulumu mtu zamani. Yule asema babake hakuwa mtu mwema. Injili ya Yohana, mlango wa tisa, yasimulia kwamba wanafunzi wa Yesu walimwona kipofu wakauliza ni nani aliyekosa hata huyu akazaliwa hivi, yeye au wazazi wake. Naye akawakatalia yote mawili. Wao wenye kuamini dhambi ya kurithi walikatazwa kumhukumu mgonjwa. Sisi tusioiamini twamhukumu barazani, huku tukitafuna tambuu.

Kuna neno jingine ambalo Mkristo akitaka kutushinda hulitoa, nalo katika pwani hii lina ncha. Husema: sisi Mungu ametufanya watoto wake, nyinyi amewafanya watumwa. Msomaji akumbuke neno hilo lilisemwa wapi na kwa nani. Krapf aliteremka Mombasa mwaka 1844. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 ng'ambo ya pili ya maji, kwa ajili ya watu waliotolewa katika utumwa, na hukumu ya utumwa katika pwani hii haikufutwa kwa sheria ila mwaka 1907. Wengi waliokimbilia Rabai walikimbia mashamba, na wenye mashamba yale walikuwa Waislamu. Mtu aliyepigwa mjeledi na Mwislamu, kisha akaambiwa na mwingine kwamba Mungu ni baba na yeye ni mwana, twataka alisikieje? Hatuwezi kulijibu neno hilo kwa nahau peke yake, na asiyeona haya kwa historia ile hana haki ya kujadili.

Lakini baada ya kuona haya, elimu nayo ina haki yake. Neno la Kiarabu ni *abd*, na wazee wetu wa Kiswahili walipolitafuta jina la kumwita mtu mbele ya Mungu, walisema *mja*, na wanadamu wote wakawa ni *waja*. Tajiri ni mja na hamali ni mja. Ndilo jina ambalo Qur'ani ilimwita Mtume wetu (S.A.W.) usiku wa Isra, usiku wa cheo chake kikubwa kabisa, haikutaja hapo utume wake wala nasaba yake. Aliye mja wa Mungu hawi mja wa mtu. Hiyo ndiyo maana ambayo mababu zetu waliisoma kila siku na hawakuisikia walipokuwa wakipima bei ya watu sokoni.

Tumefika mbali, na suali la fundi bado halijajibiwa. Maana mtu aweza kusema: nimekubali, nimeumbiwa ibada, nimefanywa khalifa katika ardhi. Lakini khalifa huamrisha na kujenga. Mimi mkono wangu hauinui mwiko. Ikiwa lengo la uhai ni kutenda, basi aliyenyimwa kutenda amenyimwa lengo, na hapo Mwislamu na Mkristo wote wawili wamekwama mahali pamoja. Wao wana Adamu aliyetiwa bustanini alime. Na asiyeweza kulima je?

Mwalimu mmoja wa Kikristo alituazima kitabu cha Ignatius wa Loyola. Huyu alikuwa askari wa Kispania. Mwaka 1521, katika mapigano ya Pamplona, kombora lilimvunja mguu, na kitandani akasoma habari za Isa na za watu wema wao mpaka moyo ukageuka. Baadaye alianzisha jamaa ya mapadri ambayo Xavier tuliyemtaja alikuwa mmoja wa watu wake wa mwanzo. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1548. Mwanzoni mwake ameweka msingi kwamba mtu ameumbwa ili amsifu Mungu, amheshimu na kumtumikia. Vitu vingine vyote ni vyombo vya kumfikisha hapo. Kwa hivyo mtu asiutake uzima zaidi ya ugonjwa, wala umri mrefu zaidi ya mfupi, ila kwa kadiri vimsaidiavyo katika lengo lake. Tulikiweka kitabu chini kwa muda. Hilo ni jambo ambalo masheikh wetu huliita *ridha*, na tumelisikia mara nyingi, lakini hatukujua kwamba yuko padri aliyelifika kwa njia ya mguu uliovunjika.

Na kwetu yuko Imam al-Ghazali. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, madrasa kubwa ya zama zake. Mwezi wa Rajabu mwaka 488, sawa na mwaka 1095 wa Kikristo, nafsi yake ilianza kuvutana, baina ya cheo alichonacho na Akhera aitakayo. Mwisho ulimi wake ukafungika. Yeye mwenyewe asimulia katika *Al-Munqidh min adh-Dhalal* kwamba alikuwa akijilazimisha asomeshe hata siku moja ili awaridhishe wanafunzi wake, na ulimi haukutoa neno. Chakula kikawa hakimpiti. Matabibu wakakata tamaa, wakasema jambo hili limetoka moyoni likaingia mwilini. Mtu ambaye kazi yake ni kusema, akanyimwa kusema! Akaacha cheo, akaenda Sham, akakaa katika ibada na kufagia nafsi yake. Na ni katika miaka ya baada ya hapo ndipo ilipotungwa *Ihya*, ambayo sote twala kutoka sahani yake.

Tulipotaka kumchukulia fundi mfano huu, tulisita. Ghazali alipona. Fundi huenda asipone, na hana *Ihya* ya kuandika. Kumwambia mgonjwa kwamba maradhi yake yatazaa kitu kikubwa ni kumpa ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Tumewasikia mawaidhani wakifanya hivyo, na mgonjwa akabaki akingoja.

Basi tukarejea kwenye maneno ya Mtume (S.A.W.). Imran bin Husein alikuwa na maradhi ya bawasiri akamwuliza juu ya swala. Akaamrishwa aswali wima, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Watu huisoma Hadithi hii kama ruhusa ya fiqhi. Isomeni tena. Haikusema wakati wowote kwamba swala imemwondokea. Kila kiungo kilipoanguka, ibada ilimfuata hukohuko chini alikoangukia. Na amepokea Bukhari kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari kwamba mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda katika uzima wake na ukaazi wake. Kwa hivyo fundi, alalapo pale bila ya kuinua mwiko, ile kazi aliyokuwa akiifanya kwa ajili ya Mungu ingali yaandikwa. Kusudi halikukatika kwa kukatika nguvu.

Lakini liko lililo kubwa zaidi ya hilo. Amepokea Muslim kutoka kwa Abu Hureira Hadithi ndefu ya Siku ya Kiyama: Mwenyezi Mungu atamwuliza mja kwa nini hakumtazama alipougua, hakumlisha alipotaka chakula, hakumnywesha alipotaka maji. Mja atastaajabu, vipi ataugua Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa kwamba fulani aliugua, na fulani alitaka chakula, na fulani alitaka maji, asimwendee. Wakristo wana maneno ya karibu sana na haya katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25, na wengi wao wamejenga hospitali juu ya mlango huo. Wanavyuoni wetu wametanabahisha jambo moja katika Hadithi yetu. Juu ya mwenye njaa na mwenye kiu, mja ataambiwa kwamba lau angewapa, malipo yake angeyakuta kwa Mungu. Juu ya mgonjwa hakuambiwa hivyo. Ataambiwa kwamba lau angemtazama, angemkuta Mungu kwake. Malipo hayakutajwa hapo. Kilichotajwa ni Yeye mwenyewe, ukaribu unaolingana na utukufu wake.

Ikiwa ni hivyo, basi yule aliyesema amekuwa gogo ni mahali ambapo watu wazima wa mtaa mzima wameamrishwa wapatafute. Hakupoteza kusudi. Amekuwa ni kusudi la safari za wengine. Na kama hatukwenda, upungufu huo si wake.

Tulikwenda tukamweleza fundi haya, tena kwa utaratibu, kwani huchoka upesi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kwa Hadithi ya Abu Musa alitokwa na machozi kwa jicho moja, jicho la upande ulio mzima. Kwa Hadithi ya Abu Hureira hakulia. Alinyamaza, kisha akasema: "Maalim, hilo ni lenu, si langu. Mlikuja mara ngapi?"

Tulikuwa tumekwenda mara mbili katika miezi saba. Yule mama wa Kikristo alikuwa amekwenda kila Jumatano, na ijapokuwa hulipwa kwa kazi hiyo, kuna kazi ilipwayo na neno lisilolipwa. Siku fundi atakapokufa, nasi twamwombea umri, tutajaa nyumbani kwake kwa hitima. Patachinjwa, patapikwa pilau, na watakuja hata wasiomjua jina. Hili tumelipinga kwa hoja za sharia miaka mingi. Hatukuwahi kulipinga kwa hoja hii ya kwamba watu wa sahani ile ndio waliokosekana kitandani.

Tulilipeleka jambo katika darsa ya usiku wa Ijumaa. Wako waliosema kwamba muuguzi wa Kikristo aondolewe, apatikane Mwislamu. Tuliuliza ni nani huyo Mwislamu na ataanza lini. Hapakuwa na jawabu, na fundi mwenyewe alipoulizwa alisema hataki mwingine. Basi tukakubaliana juu ya zamu: kila siku mtu mmoja wa darsa aende baada ya Alasiri, amsomee Qur'ani, amnyooshe mkono kama mama yule alivyotufundisha, kwani alikubali kutufundisha kwa furaha, na akae angalau mpaka jua likaribie kuchwa. Wajumbe wa darsa ni ishirini na wanne. Walioandika majina ni saba, na mmoja wao amekwisha kuomba udhuru kwa sababu ya duka.

Zamu ya Alkhamisi bado haina mtu.